Nani Alimuua Senakeribu?

Ukimuuliza mtu aliyepitia shule ya Jumapili ni nani aliyemuua Senakeribu mfalme wa Ashuru, atakujibu bila kukuna kichwa: wanawe, Adrameleki na Shareza. Walimpiga kwa upanga akiwa anaabudu hekaluni mwa mungu wake Nisroki, wakatorokea nchi ya Ararati, na mwanawe mwingine, Esarhadoni, akatawala mahali pake. Ndivyo inavyofungwa sura ya 19 ya Wafalme wa Pili, kwa aya moja tu, kama mwenye duka anavyoteremsha mlango jioni.

Jibu hilo lina walakini. Katika maelfu ya vibao vya udongo vilivyochimbwa Ninawi, mji wa Ashuru ulio katika Iraki ya leo, Nisroki hatajwi, na kwa muda mrefu sana baada ya kikabari, mwandiko wa kale wa alama zilizochapwa kwenye udongo, kuanza kusomwa hakuna aliyemwona mwana wa Senakeribu aitwaye Adrameleki. Kwamba mfalme aliuawa, hilo halina ubishi. Aliyemuua ndiye aliyeleta kesi, na jalada la kesi hiyo limefunguliwa na kufungwa zaidi ya mara moja. Mara ya karibuni lilifunguliwa mwaka 2021.

Tuanze nyumbani kwa marehemu. Senakeribu alirithi kiti mwaka 705 KK katikati ya mkosi. Baba yake, Sargoni wa Pili, aliuawa vitani huko Tabali, katika Uturuki ya leo, na maiti haikupatikana. Kwa Waashuru, mfalme asiyezikwa kwake ni balaa lisilotulia. Senakeribu akauacha mji mpya wa baba yake, Dur-Sharrukin, akahamishia makao Ninawi. Mwaka 700 alimweka mwanawe Ashur-nadin-shumi kuwa mfalme wa Babeli. Miaka sita baadaye Wababeli wakamkamata kijana huyo na kumkabidhi kwa Waelamu, jirani zao wa mashariki, na habari zake zikaishia hapo. Baba alilipiza mwaka 689: aliubomoa mji wa Babeli na kuuelekezea maji ya mifereji.

Baada ya Ashur-nadin-shumi kupotea, yaelekea aliyetazamiwa kurithi alikuwa ndugu aliyemfuata, Arda-Mulissu. Kisha, karibu na mwaka 683, mzee akageuza. Mrithi akawa Esarhadoni, mdogo mtu, mwana wa mke aitwaye Naqi'a. Watu wote wa Ashuru, wakubwa kwa wadogo, wakaapishwa kumlinda, na vipande vya kiapo hicho vimepatikana mjini Ashuru. Vitabu vingi humwona Naqi'a nyuma ya uamuzi huo. Huenda ni kweli, maana baadaye alikuwa mwanamke mwenye sauti kubwa. Ila hadithi ya mke anayemnong'oneza mume usiku ili mwanawe aruke foleni tunaiamini haraka kwa sababu tumeiona mitaani kwetu, na hiyo si hoja.

Sasa siku yenyewe. Tunayo tarehe, na hatuipati kwa Waashuru bali kwa Wababeli, katika kumbukumbu zao za nyakati zilizoandikwa kwa mtindo mkavu kama daftari la zamu. Tarehe 20 ya mwezi wa Tebetu, Senakeribu mfalme wa Ashuru aliuawa na mwanawe katika uasi. Uasi ulidumu Ashuru hadi tarehe 2 ya mwezi wa Adaru. Mwezi huohuo Esarhadoni akaketi kwenye kiti. Tebetu ni mwezi wa kumi wa mwaka wao ulioanza majira ya kuchipua, kwa hiyo tuko katikati ya baridi ya mwaka 681 kuingia 680 KK. Angalia lugha: "mwanawe". Mmoja, bila jina. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mfalme Nabonido wa Babeli aliandika kwenye jiwe kwamba aliyeihujumu Babeli alikatwa kwa silaha na mwana wa tumbo lake. Naye hakutaja jina. Kwa Wababeli jina halikuwa na uzito. Walichotaka kijulikane ni kwamba Marduk, mungu wao, alilipa deni.

Jina lilikuwa limelala kwenye kibao kingine, kilichovunjika vibaya, katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Ni barua. Msomi Robert Harper aliinakili na kuichapisha mwanzoni mwa karne ya 20, na ikakaa hapo kwa miongo, imeonwa na wote na haikusomwa sawasawa na yeyote. Kikwazo kilikuwa kwenye alama za jina. Makarani wa kikabari mara nyingi hawakuandika silabi kwa silabi. Walitumia alama za Kisumeri zilizosimama kwa neno zima, kila mtu akasoma kwa lugha yake, kama vile Mswahili akiona 5 husema tano na Mwarabu husema khamsa. Jina kwenye barua liliandikwa kwa alama ya mtumishi ikifuatwa na alama za mungu wa kike Ninlil. Wasomi wakalisoma Arad-Ninlil, wakapita.

Mwaka 1980 msomi wa Kifini, Simo Parpola, akaonyesha kwamba Waashuru hawakumwita mungu huyo Ninlil. Walimwita Mulissu, ndiye yule ambaye Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki, alimsikia kama Mylitta. Basi jina ni Arda-Mulissu, mtumishi wa Mulissu, jina la mtindo uleule wa Abdallah. Ukilitamka polepole utaona linakoelekea: "arda" imegeuka "adra", na silabi za mwisho zimevutwa hadi zikafanana na "meleki", yaani mfalme, neno ambalo mwandishi wa Kiebrania alilizoea. Adrameleki akawa amepatikana. Beroso, kuhani wa Babeli aliyeandika kwa Kigiriki, naye alikuwa amemwita muuaji Ardumuzan, na hilo likaacha kuwa fumbo.

Lakini barua ina zaidi ya jina. Kwa usomaji wa Parpola, inasimulia hivi. Baadhi ya Wababeli walipata habari kwamba kuna watu wameapiana kuasi. Mmoja wao akaomba kumwona mfalme, haki ambayo raia alikuwa nayo. Wakaja maofisa wawili, Nabu-shum-ishkun na Sillaya, wakamuuliza: shauri lako kwa mfalme linamhusu nani? Akajibu: linamhusu Arda-Mulissu. Wakamfunika uso kwa vazi lake mwenyewe, wakamwongoza, wakamsimamisha, wakamwambia: haya, ombi lako limekubaliwa, sema kwa kinywa chako. Naye, akidhani yuko mbele ya mfalme, akasema: mwanao Arda-Mulissu atakuua. Wakamfunua uso. Aliyekuwa mbele yake ni Arda-Mulissu. Walimhoji, kisha wakamuua yeye na nduguze.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa nguo imefanya kazi mbili, na kila nikisoma kipande hiki hukwama kwenye ule muda mfupi kati ya kusema na kufunuliwa macho.

Hilo likaitwa jawabu. Kwa miaka 40 vitabu vikaandika kwamba kesi imekwisha. Mimi pia nililiamini hivyo, na bado sehemu kubwa ya moyo wangu inaliamini. Ila barua imevunjika sehemu nyingi, na msomaji wa vibao hujaza mapengo kwa anachokitarajia. Mwaka 2021 wasomi Stephanie Dalley na Luis Siddall waliichapisha upya baada ya kipande kingine kuunganishwa nayo, wakauhoji usomaji wa Parpola. Mwaka mmoja kabla, msomi mwingine, Andrew Knapp, alikuwa ameandika akimweka kizimbani mtu mwingine kabisa: Esarhadoni.

Ndipo inapobidi tumsikilize Esarhadoni mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye mtu pekee kati ya wahusika aliyeacha maelezo marefu. Yameandikwa kwenye vinguzo vya udongo vyenye pande sita, vimejaa maandishi pande zote, nakala nyingi za maneno yaleyale. Anasema hivi, kwa kifupi. Alikuwa mdogo wa kaka zake wakubwa. Miungu ilimchagua. Baba yake aliwauliza Shamash, mungu wa jua, na Adad, mungu wa radi, kwa njia ya kusomewa ini la kondoo, nao wakajibu ndiyo ya wazi: huyu ndiye wa kushika nafasi yako. Akaingia nyumba ya mrithi. Kaka zake wakaona wivu, wakamsengenya, wakaukasirisha moyo wa baba dhidi yake, ingawa kwa ndani, asema, baba bado alimhurumia. Miungu ikamficha mahali salama. Halafu kaka wakapatwa na wazimu. Wakafanya yasiyopendeza kwa miungu na watu, wakapigana vichwa kama wanambuzi kugombea ufalme.

Yeye aliposikia alirarua nguo na kulia. Hakungoja siku mbili, hakukagua farasi wala silaha, hakuogopa theluji wala baridi ya Shabatu, mwezi unaofuata Tebetu, akaruka kama tai. Huko Hanigalbat, magharibi mwa Ashuru, jeshi la kaka zake lilimziba njia. Mungu wa kike Ishtari akazivunja pinde zao, askari wakasema: huyu ndiye mfalme wetu. Akaingia Ninawi. Kaka wakakimbilia nchi isiyojulikana. Askari waliowafuata wakaadhibiwa, pamoja na uzao wao.

Soma tena muhtasari huo, kisha uniambie ni wapi Senakeribu alipouawa.

Hapatajwi. Katika maandishi marefu kiasi hicho, yanayoeleza kurithi kiti cha baba aliyechinjwa, hakuna sentensi inayosema baba amekufa kwa mkono wa nani. Kuna "yasiyopendeza". Kuna wanambuzi. Hakuna damu. Kama kweli kaka zake ndio waliomuua baba, hiyo ndiyo silaha kubwa kuliko zote mkononi mwa Esarhadoni. Kwa nini asiitumie?

Wanaomshuku hushika hapo. Huongeza pia sababu ya kuua: kwa maneno yake mwenyewe, baba alikuwa amemkasirikia naye yuko mbali, na fitina za kaka zilikuwa zinafanya kazi. Mtu anayeona urithi unamponyoka ana haraka kuliko mtu ambaye urithi unamrudia. Na alifika upesi mno kwa mtu aliyeshtukizwa na msiba.

Ni hoja nzuri, ila hainitoshi. Kiapo cha Ashuru yote kilikuwa bado kimesimama kwa jina la Esarhadoni, na siku yoyote mzee angeweza kumwita arudi. Aliyekuwa na haraka, kwa hesabu yangu, ni Arda-Mulissu: baba akifa kitandani, mrithi ni mdogo wake. Na hizo siku 40 hivi za fujo zinaonyesha watu walioweza kuua wasiweze kutawala, jambo linalolingana na kina kaka kuliko na mtu mmoja aliyepanga kutoka mbali. Ule ukimya una maelezo mengine pia. Waashuru waliamini mfalme ni chaguo la Ashur, mungu wa nchi. Kuandika kwenye udongo, kwa ajili ya miungu na vizazi, kwamba chaguo la Ashur lilichinjwa kama kondoo ni kuuliza swali ambalo hakuna karani aliyetaka kulijibu: mungu alikuwa wapi? Sargoni kupotea vitani kulikuwa tayari kumeitikisa nyumba hiyo mara moja.

Kilichonishawishi zaidi ni tarehe ya maandishi. Vinguzo vile havikuandikwa mara baada ya vita vya ndugu. Ni vya mwaka 673, miaka kama minane baadaye. Mtu hachelewi hivyo kujitetea kama kinachomsumbua ni yaliyopita. Esarhadoni alikuwa anatazama mbele: mwaka uliofuata, 672, alimtangaza Ashurbanipal kuwa mrithi wa Ashuru na kumpa ndugu yake Shamash-shum-ukin kiti cha Babeli. Adad-shumu-usur, mmoja wa wataalamu wa ikulu, alimwandikia kumsifu kwamba amefanya duniani jambo ambalo halijafanyika mbinguni, na katika barua hiyo anamtaja aliyepewa Babeli kuwa ndiye mwana mkubwa. Mdogo kumruka mkubwa, tena! Sasa simulizi la mdogo aliyeteuliwa na miungu, kaka wakubwa wakapinga, wakaangamia, linasomeka kwa namna nyingine. Halina habari na nani alimuua babu. Ni onyo kwa yeyote atakayesema mkubwa ndiye mwenye haki. Ukilichukua kama ushahidi wa mwaka 681 litakudanganya hata pale linaposema kweli.

Akiolojia inaongeza kitu ambacho maandishi peke yake hayakupi: mahali. Sehemu ya mwisho ya vinguzo inaeleza ujenzi wa ghala kuu la silaha la Ninawi. Jengo hilo liko chini ya kilima ambacho kwa karne nyingi kilibeba msikiti na kaburi linaloheshimiwa kuwa la Nabii Yunus, ng'ambo ya mto Tigris kutoka Mosul ya kale. Kwa ajili ya heshima ya mahali, wachimbaji waligusa pembeni tu. Mwaka 1954 huko zilipatikana sanamu za Taharqa, mfalme wa Kushi aliyetawala Misri, ambazo Esarhadoni alizileta kama nyara. Julai 2014 kundi la Dola la Kiislamu liliulipua msikiti, kisha likachimba mahandaki chini yake kutafuta vya kuuza. Mji ulipokombolewa mwaka 2017, walioingia mahandakini walikuta kuta za jumba la Esarhadoni na mawe yenye jina lake. Inauma kwamba tumelijua jumba hilo zaidi kwa mkono wa wezi.

Kwa hiyo maneno kuhusu ndugu waliopigana vichwa yalitungwa kwa ajili ya jengo la kuhifadhia mikuki, farasi na magari ya vita. Vinguzo vya aina hiyo vilifukiwa ndani ya kuta na misingi, visomwe na miungu na wafalme wajao watakaokuja kukarabati. Raia wa Ninawi hakuviona. Raia alipewa kitu kingine: kiapo.

Mwaka 1955 timu ya mwanaakiolojia Max Mallowan ilikuta Nimrud, mji mwingine wa kifalme wa Ashuru, ndani ya hekalu la mungu Nabu, mamia ya vipande vya vibao vikubwa visivyo vya kawaida, karibu sentimita 45 kwa 30. Vilipounganishwa vikawa kiapo cha mwaka 672 cha kumlinda Ashurbanipal, walichoapishwa watawala wa miji ya mashariki. Mwaka 2009 nakala nyingine ikapatikana Tell Tayinat, kusini mwa Uturuki, ndani ya hekalu, kibao kimetobolewa ili kiweze kusimamishwa kionekane. Kumbe haikuwa kwa watu wa mashariki peke yao. Dola nzima iliapishwa.

Kisome ukikumbuka kwamba mtoto wa mtu aliyeuawa na watu wake ndiye aliyekiagiza, kila kifungu kitapata jasho. Ukisikia neno baya juu ya Ashurbanipal kutoka kinywani mwa adui au rafiki, mwa kaka zake, ami zake, binamu zake, mwa nabii au mpiga ramli, usilifiche, njoo umwambie. Mpende kama nafsi yako. Ukivunja, mungu wa mwezi akuvike ukoma, utangetange nyikani kama punda-mwitu na swala. Kibao kimegongwa mihuri mitatu ya mungu Ashur, na mmoja kati yake ni ule uliotengenezwa na Senakeribu. Marehemu mwenyewe, kwa namna fulani, yuko pale akishuhudia.

Na bado Esarhadoni hakulala. Tunayo maswali aliyopeleka kwa Shamash, yaliyojibiwa kwa kusoma ini la kondoo: je, kati ya matowashi, wenye ndevu, walinzi, ndugu wa kifalme, ami, hata wapishi na waokaji mikate, kuna atakayeasi? Kutoka upande wa Harani, mji ulio kusini mwa Uturuki ya leo, ikaja barua ya mtu aitwaye Nabu-rehtu-usur: kijakazi mmoja amepandisha na kutamka kwamba mungu Nusku ameutoa ufalme kwa mtu aitwaye Sasi, na kwamba jina na uzao wa Senakeribu utafutwa. Mwaka 670, zile kumbukumbu kavu za Babeli zinasema tu kwamba huko Ashuru mfalme aliwaua wakuu wake wengi kwa upanga. Mwaka uliofuata Esarhadoni alikufa njiani akielekea Misri, na bibi mzee Naqi'a akawaapisha watu upya kwa ajili ya mjukuu wake.

Viapo vyote hivyo vilishikilia hadi mwaka 652. Hapo Shamash-shum-ukin akamwasi mdogo wake, vita vikadumu miaka minne, na mwaka 648 Babeli ikaanguka baada ya njaa kali. Ashurbanipal akaandika jinsi alivyowatendea waliobaki. Ni ndani ya maandishi hayo, karibu miaka 40 baada ya ile siku ya Tebetu, ndipo mfalme wa Ashuru anapotamka hatimaye kile ambacho baba yake hakukiandika, tena kwa kupitia, katikati ya kujisifu. Waliosalia, asema, aliwaua wakiwa hai kando ya sanamu za walinzi wa malango, palepale kati ya zile sanamu ambapo walimuua Senakeribu, babu yake, wawe sadaka ya mazishi kwa ajili yake.

Jina la aliyemuua babu, naye hakulitaja.